Anga la Upande Mmoja

Ndege ya kivita iliyoitwa B.E.2c ilichukua takriban dakika 45 kupanda mpaka mita 3,000. Kipimo hicho kilichukuliwa Uingereza, penye hewa baridi na nzito. Bonde la mto Pangani, ambako ndege hiyo ilitumiwa vitani mwaka 1916, halina hewa ya namna hiyo. Jua la mchana huilegeza, na injini yenye nguvu za farasi 90 ilikuwa ikitweta. Sasa weka milima ya Usambara kando yake. Mombo iko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari. Lushoto, kilomita 30 na ushei kwa barabara ya kupitia Soni, iko kwenye mita 1,400, na juu yake msitu wa Magamba unapanda kupita mita 2,200. Kimo ambacho wanawake wa Magamba hukipanda na kukishuka na mizigo ya kuni kichwani, mashine ile ilikitafuta kwa kuzunguka juu ya nyika, ikiongeza mita chache kila mzunguko.

Historia za ndege huandikwa kana kwamba anga halina ardhi chini yake. Soma sifa za B.E.2c na utakuta mwendo wake, yaani kilomita 116 hivi kwa saa, idadi ya ndege zilizoundwa, marubani waliosifika nayo na walioungua nayo. Ardhi hubaki kuwa jina tu la uwanja wa vita: Flanders, Mesopotamia, Afrika Mashariki. Mimi nataka kuisoma rekodi hiyo kutokea chini, kutokea Usambara, kwa kuwa naamini ndiko inakosomeka vizuri zaidi.

Ndege yenyewe ilitoka Farnborough, kwenye kiwanda cha serikali ya Uingereza. Umbo la kwanza lilikuwa kazi ya Geoffrey de Havilland. Aliyeipa ndege hiyo tabia iliyoifanya ijulikane ni mhandisi kijana, Edward Busk, aliyetafuta kwa hesabu na majaribio ndege itakayojiweka sawa yenyewe hewani bila kusumbuliwa na rubani. Alifanikiwa. Novemba 1914 alikufa ndani ya B.E.2c iliyoshika moto akiwa angani. Mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine, mbao, nyaya, kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza: hiyo ndiyo ndege nzima. Mtazamaji alikaa mbele, amezungukwa na nguzo na nyaya za mabawa, na rubani alikaa nyuma yake. Rubani aliweza kuachia usukani kwa muda, akachukua penseli, akaandika anachokiona. Ndege hii iliundwa kwa ajili ya kutazama.

Halafu ikapewa mabomu. Hapo ndipo panapotokea jambo ambalo wasifu wake hulitaja harakaharaka, nami naliona kuwa ndilo kiini. Ikibeba shehena yake yote ya mabomu, kama kilo 100, mtazamaji ilibidi ashuke. Mashine haikuwa na nguvu ya kuchukua vyote viwili. Siku ya kwenda kuona, ilibeba macho. Siku ya kwenda kupiga kwa nguvu zake zote, iliyaacha macho kiwanjani, na rubani peke yake akawa dereva, msoma ramani na mwangusha mabomu. Wahandisi wa baadaye waliondoa kikwazo hicho kwa injini kubwa zaidi. Lakini mwaka 1916, juu ya reli ya Tanga kwenda Moshi, ndivyo mambo yalivyokuwa.

Huko Ulaya mwaka huohuo jina la ndege hii lilikuwa la msiba. Utulivu ambao Busk aliutafuta uligeuka kuwa kosa mara Wajerumani walipoleta ndege ya Fokker yenye bunduki ya rashasha iliyofyatua risasi kupitia katikati ya pangaboi. B.E.2c haikujua kukwepa. Mtazamaji, pale mbele alipobanwa na nyaya, hakuwa na nafasi nzuri ya kulenga. Walikufa wengi kiasi kwamba Machi 1916 mbunge Noel Pemberton Billing alisimama bungeni London na kuwatuhumu wakubwa kwamba marubani walikuwa wanauawa kwa kupewa ndege mbovu. Tume ikaundwa. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 3 Septemba mwaka huo, William Leefe Robinson, akiwa ndani ya B.E.2c hiyohiyo, aliiangusha meli ya anga ya Kijerumani SL 11 karibu na London mbele ya macho ya maelfu ya watu, akapewa Msalaba wa Victoria. Ndege za ukoo huu wa B.E.2 zilizoundwa zilikuwa kama 3,500. Aibu na fahari zake zote mbili zimehifadhiwa vizuri.

Afrika Mashariki ilipewa ndege hizi mwanzoni mwa 1916. Kikosi cha 26 kilikuwa kimeundwa Netheravon, Uingereza, Oktoba 1915. Wengi wake walikuwa Waafrika Kusini waliotoka kuwapiga Wajerumani katika nchi tunayoiita leo Namibia. Kiliteremka Mombasa mwishoni mwa Januari kikiwa na B.E.2c na Henri Farman za kiunzi cha chuma, kikapelekwa Mbuyuni, kati ya Voi na Taveta, mahali ambapo ndege za jeshi la majini zilikuwa zimetangulia kufika. Kutoka pale Kilimanjaro inaonekana, na milima ya Pare, na nyuma ya Pare, siku ikiwa safi, kivuli cha Usambara.

Wajerumani walikuwa na nini cha kurusha? Mwaka 1914 rubani Bruno Büchner alikuwa ameleta ndege moja Dar es Salaam kwa ajili ya maonyesho ya Agosti, sherehe za kukamilika kwa reli ya kati. Vita vikaanza, ndege ikachukuliwa na jeshi, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshaanguka na kumuua ofisa aliyeirusha. Basi. Hakuna nyingine iliyokuja. Mwaka 1915 Waingereza walileta ndege kisiwani Mafia kuisaka manowari ya Königsberg iliyokuwa imejificha katika mikoko ya delta ya Rufiji. Tarehe 11 Julai, John Cull na Harwood Arnold walielekeza mizinga ya meli Severn na Mersey kutoka angani mpaka Königsberg ikaangamia; hata ndege yao ilipopigwa na kuanza kushuka, waliendelea kutuma ishara. Nasimulia tukio hilo kwa heshima, kwa sababu walikuwa watu wawili hodari. Ila tazama: hata siku ile aliyewapiga alikuwa chini, juu ya sitaha ya meli, akielekeza mzinga juu. Hewani walikuwa peke yao.

Hivyo ndivyo vita vyote vya Afrika Mashariki vilivyopiganwa angani, kwa upande mmoja. Ndege iliyokuwa mzoga juu ya Ufaransa ilikuwa mfalme juu ya Pangani, na hakuna msumari hata mmoja uliobadilishwa katika umbo lake. Kilichobadilika ni kwamba waliokuwa chini hawakuwa na ndege. Hapo naona fundisho la rekodi yake lilipo, na linanihuzunisha kwamba vitabu vya wapenda ndege hupita pembeni yake. Huwezi kusema silaha ilikuwa dhaifu au kali kwa kupima injini na mabomu yake tu. Pima pia mkono mtupu wa anayeelekezewa.

Mei 1916, mvua za masika zilipokwisha, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts lilianza kuteremka kutoka Kahe, karibu na Moshi. Lilikwenda kwa safu tatu: moja kando ya mto Pangani, moja kando ya reli chini ya milima ya Pare, na ya tatu, askari wa King's African Rifles, kupitia upande wa mashariki wa Pare kuja kutokea Mkomazi. Wajerumani wa Paul von Lettow-Vorbeck walirudi nyuma waking'oa reli na kuvunja madaraja. Mombo ilichukuliwa tarehe 9 Juni. Tarehe 12 Juni wakaingia Wilhelmstal, mji ambao Wajerumani waliubandika jina la mfalme wao na ambao ulirudi kuwa Lushoto. Haukupiganiwa. Lettow-Vorbeck hakutaka kunaswa milimani. Alivuka nyika kuelekea Handeni, akifuata reli ndogo ya vigari iliyojengwa wakati wa vita kutoka Mombo. Aliwaacha Lushoto wanawake na watoto wa Kijerumani, bustani zao na nyumba za mawe. Tanga ilifuata tarehe 7 Julai.

Kazi ya ndege katika wiki zile ilikuwa kuichungulia reli, vituo na madaraja yake, kutafuta moshi wa kambi na vumbi la safu za askari, na kuangusha mabomu pale palipoonekana watu. Lettow-Vorbeck katika kumbukumbu alizochapisha 1920 anazitaja ndege na mabomu yake. Hayakumzuia. Pori la Pangani ni zito, miiba imefungamana, na jeshi lenye watu wanaolijua pori huweza kukaa chini ya miti mchana kutwa. Smuts mwenyewe alisonga mbele bila kujua vizuri adui yuko wapi, mara nyingi akimkuta pale alipodhani hayupo. Mashine iliyoundwa kwa kutazama ilifika kwenye nchi isiyokubali kutazamwa kutoka juu.

Milima nayo ilikuwa na lake. Ukungu wa Juni Lushoto ni kitu kinachoweza kukaa mpaka saa tano asubuhi, na mwezi huo ndio baridi inapoingia. Mabonde ya Usambara ni membamba, kingo zake zinasimama wima. Pale Irente ardhi inakatika ghafla na nyika inaonekana chini mbali sana, kiasi kwamba mtu aliyesimama ukingoni angeweza kuitazama ndege ikipita juu ya Mazinde akiwa juu yake. Nafikiria sana jambo hilo. Kwa vita vile, katika sehemu chache sana za dunia mkulima asiye na chombo chochote aliweza kuwa juu ya mashine ya vita na kuiona mgongo.

Lakini ukubwa wa milima haukumwokoa mkulima huyo, kwa sababu ndege haikuja peke yake. Ilikuja na mizigo.

Ndege iliyokaa saa tatu angani ilikunywa petroli nyingi, na petroli ilisafiri katika madebe ya bati. Pamoja na petroli kulikuwa na mafuta ya kulainishia, mabomu, vitambaa vya kuziba mabawa, pangaboi za akiba zilizopasuka kwa joto na unyevu wa kupokezana, mahema, chakula cha mafundi, kwinini ya marubani. Reli ilipokuwa mbovu na malori yalipozama kwenye tope, vyote hivyo vilipanda vichwani mwa watu. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa sababu ya ndorobo. Mbung'o hamuwezi mtu haraka kama anavyomuweza farasi, na hiyo ndiyo sababu mtu alitumiwa badala ya farasi. Sisemi hivyo kwa mzaha. Ndivyo hesabu za kijeshi zilivyofanywa.

Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake walifikia au kupita 100,000. Wachache walikufa kwa risasi. Wengi walikufa kwa kuhara, homa, kichomi, na unga wa mahindi ambao haukuiva kwa sababu hapakuwa na muda wala kuni kavu. Upande wa Wajerumani nao ulichukua watu kwa nguvu, ukachukua ng'ombe na mahindi, na hesabu zake zilitunzwa vibaya zaidi. Huwezi kuandika rekodi ya utumishi wa B.E.2c katika Afrika Mashariki ukawaacha watu hawa, kwa sababu bila wao isingepaa. Ule wepesi wake hewani ulilipiwa na uzito ardhini. Kila saa ya kuruka ilikuwa na siku za kutembea nyuma yake, na za kutembea hazikuandikwa na rubani katika daftari lake.

Juu ya daftari hilo nataka kusimama kidogo. Kikosi cha 26 kilikuwa na watu waliojua kuandika. Mmoja wa watazamaji wake, Leo Walmsley, kijana wa Yorkshire, alipewa Msalaba wa Kijeshi, na mwaka 1920 akachapisha kitabu kinachosimulia pamoja urukaji wa vita na uwindaji wa Afrika Mashariki. Baadaye akawa mwandishi wa riwaya za wavuvi wa kwao, akiwaandika kwa upendo na kwa kujua kazi yao. Rubani mwingine wa kikosi hicho alikuwa W. D. M. Bell, Mskoti aliyekwisha kuua mamia ya tembo Karamoja na kwingineko kwa ajili ya pembe. Vita vilipoanza alijifunza kurusha ndege. Watu wa aina hii walikuwa na macho makali, na ukiwasoma unajifunza mengi juu ya mawingu, injini, na hofu ya kuangukia porini. Unachojifunza juu ya watu walio chini ni kidogo sana. Sitaki kuwalaumu kwa kisichowezekana, kwa maana kutoka mita elfu moja hakuna uso wa mtu.

Usambara ilikuwa na aina nyingine ya kitabu. Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, zikapigwa chapa na wamisionari wa Magila sehemu kwa sehemu kati ya miaka ya 1890 na mwanzo wa karne ya 20. Ni historia ya watawala wa Usambara tangu Mbegha, mwindaji mgeni aliyekuja kutoka Ungulu na kupokewa kwa sababu aliwaua nguruwe walioharibu mashamba na akagawa nyama. Ni kitabu cha vita pia, na vita vyake ni vikali. Lakini anayepigwa ana jina. Ana mama, ana kijiji, ana maneno aliyosema kabla ya kukimbia. Anayepiga naye ana jina na ana ukoo utakaoulizwa. Liajjemi alifariki 1912. Miaka minne baadaye Usambara iliingia katika vita vikubwa kuliko vyote alivyovisimulia, na walioviandika walikuwa wengine.

Steven Feierman, mwanahistoria aliyeishi na kufanya utafiti Usambara kwa miaka mingi, ameeleza jinsi Wasambaa walivyoufikiria utawala. Kulikuwa na kuiponya nchi, kuzifya shi, na kuiharibu nchi, kubana shi. Mfalme aliyekuwa na nguvu zisizopingwa alikuwa na sababu ya kuleta mvua, kwa kuwa nchi ilikuwa yake na njaa ingekuwa aibu yake. Nguvu mbili zikigombana, mvua inapotea. Nimejaribu kuiweka ndege ndani ya fikra hiyo, na inakataa kukaa. Hewani hapakuwa na nguvu mbili zinazogombana. Ilikuwa moja, haina mpinzani. Kwa hesabu ya Vuga, makao ya wafalme wa Usambara, nguvu ya namna hiyo ingepaswa kuleta mvua. Lakini mfalme wa Vuga alikula mahindi yaleyale na kunywa mto uleule na watu wake. Nguvu iliyopita juu ilikuwa haina shamba chini. Haikuhitaji mvua. Kwa rubani mvua ilikuwa kikwazo tu, siku ya kukaa kwenye hema. Sijapata mahali pengine panaponionyesha kwa uwazi kiasi hicho upya wa jambo lililotokea 1916. Utawala usiodaiwa chochote na ardhi inayotawaliwa ulikuwa mgeni milimani, hata kwa watu waliowahi kuonja ukatili wa Wakilindi na viboko vya Wajerumani.

Wajerumani walijaribu mara moja kulivunja anga hilo la upande mmoja. Novemba 1917 meli ya anga L 59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikivuka bahari na jangwa kumletea Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amesukumwa mpaka kusini kabisa, risasi, dawa na vifaa. Ilipofika magharibi ya Khartoum iliamriwa kurudi, nayo ikarudi Jamboli baada ya saa 95 na karibu kilomita 6,800 bila kutua. Ilikuwa imepangwa kwamba isirudi kamwe. Ingekatwakatwa huku, kitambaa chake kikawa mahema, sehemu nyingine bendeji. Kilikuwa chombo cha angani kilichokusudiwa kugeuka kitu cha manufaa ardhini, na hakikufika.

Smuts aliondoka Afrika Mashariki Januari 1917, akaenda London, akaingizwa katika baraza la vita. Agosti mwaka huo aliandika ripoti ambayo wanafunzi wa historia ya jeshi la anga wote huisoma. Alisema kwamba ndege zinaweza kuendesha vita vyake zenyewe, mbali na majeshi ya nchi kavu na majini, na kwamba kuharibu nchi ya adui na miji yake yenye viwanda na watu wengi kunaweza kuja kuwa kazi kuu ya vita, huku kazi za majeshi ya zamani zikiwa za kusaidia tu. Kutokana na ripoti hiyo, tarehe 1 Aprili 1918 likazaliwa Jeshi la Anga la Kifalme la Uingereza, la kwanza kubwa duniani kusimama peke yake. Mabomu ya Wajerumani yaliyoangukia London mwaka 1917 ndiyo yaliyoiharakisha ripoti ile. Hata hivyo mkono ulioiandika ni uleule uliosaini amri za kuteremka Pangani.

Januari 1920 lilifuata jaribio katika ukanda wetu. Ndege 12 aina ya DH.9 zilipelekwa Somaliland kumpiga Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, aliyewapinga Waingereza kwa miaka 20. Mabomu yalianza tarehe 21 Januari, na askari wa ngamia pamoja na King's African Rifles wakafuata chini. Baada ya wiki chache ngome zake zilikuwa zimekwisha, naye akafa kwa maradhi kabla mwaka haujaisha. London ilifurahi hasa kwa gharama ndogo. Kutoka hapo njia ikapanuliwa kwenda Iraki: kutawala kutoka angani, kutoza kodi kwa hofu ya mabomu, bila kulisha kikosi kikubwa ardhini. Kuna mstari ulionyooka kati ya bonde letu na sera ile. Mahali ambapo anga ni la upande mmoja, mtawala hugundua kwamba anaweza kupunguza askari wake, na upande wa pili wa hesabu huachiwa watu wasio na sauti bungeni.

Sisi tumewahi pia kupigwa kutoka juu tukiwa nchi huru. Septemba 1972 ndege za Idi Amin ziliipiga Bukoba, kisha Mwanza. Mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22, jitu la chuma lenye mwendo wa kasi kuliko sauti, ilikuja kuipiga Mwanza, ikakosa, na mabomu yake yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane na kuua swala. Miaka 63 baada ya Mombo, injini zikiwa zimeongezewa nguvu mara nyingi, bado aliyekuwa juu hakuona vizuri kilichokuwa chini.

Waingereza wanayo B.E.2c moja katika makumbusho yao ya vita. Dar es Salaam tunayo sanamu ya askari iliyozinduliwa 1927, na Kariakoo, mahali palipokuwa kambi ya wapagazi, pamekuwa soko ambalo kila mfanyabiashara wa Lushoto anayepeleka karoti na kabichi hulijua. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, alikuwa mtoto wa miaka saba Waingereza walipoingia Tanga. Utenzi wake mrefu wa vita, uliochapishwa 1967 baada ya kifo chake, aliutungia vita vya pili, vya 1939 hadi 1945. Vita vya kwanza, vilivyopita mlangoni kwao, havikupata utenzi wa kiasi hicho kutoka kwake.

Mtu aliyezaliwa Usambara katika miaka ya 1940 aliweza kumkuta babu au bibi aliyekuwa kijana mwaka 1916 na kusikia kutoka kinywani mwake. Wachache waliozaliwa miaka hiyo bado wako Mlalo, Bumbuli, Soni na Vuga, na hakuna daftari la kikosi litakalochukua nafasi yao. Waulizwe nani katika ukoo alichukuliwa kubeba mizigo na nani alimchukua, jumbe gani aliwataja vijana na alimficha nani. Waulizwe mzigo ulikuwa nini, bati au gunia au sanduku la risasi, na uliachwa wapi. Waulizwe mwaka ule wazee wao walikula nini, nani alirudi na kwa njia gani, na shamba la asiyerudi lilirithiwa na nani. Kama wazee wao waliisikia ndege, waulizwe wazee hao walisema walikuwa wamesimama wapi. Majibu yaandikwe kwa majina kamili, kwa Kisambaa na kwa Kiswahili, kama Liajjemi alivyoandika. Pa kuanzia ni Mombo, kisha vijiji vya kwenye njia ya zamani ya kwenda Handeni, ambako ile reli ya vigari ilipita na ambako mizigo ilikabidhiwa kutoka kichwa hadi kichwa.